Ngozi Mgongoni mwa Upinde

Upinde wa mti una pande mbili zenye kazi tofauti. Upande unaotazama shabaha ni mgongo, na ule unaomtazama mpigaji ni tumbo. Upote ukivutwa, mgongo hutanuka na tumbo hubanwa, na kila upande una namna yake ya kushindwa. Tumbo likizidiwa hutoa makunyanzi membamba yanayokatiza mti. Upinde huanza kubaki umejikunja hata upote ukifunguliwa, na mishale huzidi kuanguka karibu kadiri siku zinavyopita. Mgongo ukizidiwa hautoi taarifa. Mti hukatika kwa kishindo, na kipande kinaweza kumfikia mvutaji usoni. Haishangazi, basi, kwamba watu wa mabara mengi wamezoea kubandika kitu mgongoni: kano, magome, mianzi, kitambaa, ngozi ya mbuzi, ya ndama, ya paa au ya nyoka. Katika vitu hivyo vyote, ngozi ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vingine. Wengi wanaoibandika huamini kwamba inaupa upinde nguvu ya kurusha. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba haiupi nguvu hiyo, na kwamba fundi anayelijua hilo ndiye anayefaidika nayo zaidi, maana huipa kazi inayoiweza: kuuzuia ufa mdogo kabla haujaanza safari.

Tuanze na mti wenyewe. Mti mkavu usio na kasoro, ukivutwa kwa urefu wa nyuzi zake, huhimili mzigo ambao kwa kawaida ni mara mbili au zaidi ya ule unaohimili ukibanwa. Maana yake ni kwamba katika kijiti safi mgongo una akiba ambayo tumbo halina, na upinde uliotengenezwa vizuri kutoka kijiti hicho hutangulia kuchoka tumboni. Kuuongezea mgongo wa namna hiyo kitu kingine cha kubeba mvuto ni kuongeza pasipopungua. Lakini kijiti safi hakipatikani kila siku. Nyuzi za mti halisi huzunguka fundo pale tawi lilipochipukia, hujisokota iwapo mti ulikua kwa kujizungusha, hutobolewa na wadudu, na hukatwa na tezo pale fundi aliposhuka kidogo kuliko alivyokusudia. Mahali nyuzi zilipokatwa, ncha zake hutokeza juu ya mgongo. Upinde ukivutwa, ncha hizo haziwezi kushirikiana na jirani zake kuubeba mvuto, kwa hiyo hujitenga nazo. Kibanzi huinuka, pengine kifupi kuliko ukucha. Ufa hupita chini yake ukifuata mwelekeo wa nyuzi, na mvuto uliokuwa ukibebwa na unene wote huhamia kwenye mti uliobaki, ambao sasa ni mwembamba. Hapo ile akiba ya mgongo haitoshi tena, na upinde uliodumu miaka hukatika kwa mvuto mmoja.

Ukiitazama njia hiyo ya kuvunjika hatua kwa hatua, utaona mahali ambapo ngozi inaweza kuingilia kati. Nguvu inayouvuta mgongo kwa urefu wake ni kubwa mno, na ngozi nyembamba haiwezi kubeba isipokuwa sehemu yake ndogo. Lakini nguvu inayokiinua kibanzi kuelekea nje ni jambo jingine. Hiyo inatokana na pembe iliyopo kati ya nyuzi zilizokatwa na uso wa upinde, na pembe hiyo ikiwa ndogo, nguvu ya kuinua nayo huwa ndogo, chembe tu ya ule mvuto mkuu. Ngozi ya unene usiozidi milimita moja, ikiwa imeshikwa na gundi kila mahali, inaiweza nguvu hiyo. Kibanzi kisipoinuka, ufa haupati pa kuanzia, na nyuzi zilizo chini yake huendelea kuubeba mzigo wao kama kawaida. Kuna faida ya pili. Mti hukatika ukirefuka kwa takriban asilimia 1 tu ya urefu wake, ilhali ngozi mbichi iliyokaushwa huvumilia kurefuka zaidi ya hapo mara kadhaa. Kwa hiyo hata mti ukikatika kabisa, mara nyingi ngozi hubaki nzima na kuvishikilia vipande viwili pamoja. Kwa mtu ambaye uso wake uko jirani na mti uliojaa nguvu ya kujifyatua, mimi naona faida hiyo peke yake inatosha kuhalalisha kazi yote ya kuibandika.

Ushahidi mzito kwamba hii ndiyo kazi halisi ya ngozi hautoki kwenye hesabu. Unatoka kwa mafundi wa kale waliokuwa na mnyama mzima mikononi mwao na wakaamua sehemu gani iende wapi. Mnyama mmoja hutoa ngozi na hutoa kano, na vyote viwili vimejengwa kwa kitu kilekile, protini ya kolajeni. Tofauti iko katika mpangilio. Ndani ya kano nyuzi zimelala sambamba, zikielekea upande mmoja, kwa sababu kazi yake mwilini ni kuuvuta mfupa. Ndani ya ngozi nyuzi zimesukwa kila upande, kwa sababu kazi yake ni kuufunika mwili unaojigeuza kila namna. Kila fundi aliyetaka mgongo wenye nguvu alichagua kano. Pinde za Waturuki wa enzi ya Waosmani zilikuwa na kiini cha mti, pembe ya nyati wa maji tumboni na kano mgongoni, vyote vikishikwa na gundi ya wanyama. Ngozi nayo ilikuwepo, lakini mahali pake palikuwa juu ya kano, nyembamba sana, kazi yake kuzuia unyevu usiifikie ile gundi. Pengine badala yake liliwekwa gome la mti wa betula. Upande wa pili wa dunia, baadhi ya watu wa nyanda za Amerika ya Kaskazini waligundisha kano mgongoni mwa pinde zao fupi, kisha wakavika ngozi ya nyoka juu yake. Jamii hizi hazikufundishana. Hata hivyo zilifikia uamuzi mmoja: kano ifanye kazi, ngozi iwe vazi.

Mfano unaojulikana kwa kina zaidi ni wa Ishi, mtu wa kabila la Wayahi wa California, aliyejitokeza karibu na mji wa Oroville mwaka 1911 baada ya watu wake karibu wote kuuawa au kufa kwa taabu. Miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1916, aliishi San Francisco, na huko daktari mpasuaji Saxton Pope alijifunza kwake utengenezaji wa pinde, akauelezea kwa makini katika ripoti ya mwaka 1918. Ishi alitumia mti wa milimani wa jenasi moja na mtarakwa wetu wa Kenya na Tanzania. Mti huo huvumilia kubanwa lakini mgongo wake si wa kuaminika, na ndiyo sababu aliufanya upinde uwe mfupi na mpana, akaugundisha kano za paa mgongoni. Gundi yake ilitoka kwenye ngozi ya samaki aina ya samoni, iliyochemshwa na kupondwa. Upinde usipotumika aliuweka ndani ya ala iliyotengenezwa kwa mkia wa puma. Tazama mgawanyo huo wa kazi: kano hubeba mvuto, ngozi ya samaki hugeuka gundi, ngozi ya puma hulinda dhidi ya hewa na mvua. Hakuna hatua yoyote ambayo Ishi aliiachia ngozi kazi ya kurusha mshale. Pope mwenyewe, alipokuja kuandika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya uwindaji kwa upinde, alieleza jinsi ya kubandika ngozi mbichi nyembamba mgongoni mwa pinde za mti wa yu, mti wenye majani kama sindano unaosifiwa sana Ulaya na Amerika kwa kazi hii. Yeye alitegemea pinde zake mbele ya wanyama hatari. Mwaka 1925 alikuja nazo hadi Tanganyika kuwinda simba. Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kuogopa kibanzi.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watu wenye mizani. Wanasema wamepima upinde kabla ya kubandika ngozi na baada ya kukauka, na wakakuta kuuvuta kumekuwa kugumu kwa ratili kadhaa. Siwapingi, kipimo chao kinaweza kuwa sahihi kabisa. Ninachopinga ni tafsiri. Ugumu wa mti kupinda hutegemea unene wake kwa kanuni ya mchemraba: unene ukiongezeka maradufu, ugumu huongezeka mara nane. Chukua mkono wa upinde wenye unene wa milimita 15. Ukiongeza milimita moja ya mti uleule, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 21, ingawa unene umeongezeka kwa chini ya asilimia 7. Ngozi ni laini kuliko mti, kwa hiyo haitoi nyongeza yote hiyo, lakini imewekwa pale pale ambapo kitu kidogo huonekana kikubwa, yaani mbali kabisa na katikati ya unene. Fundi angeweza kupata ratili hizo hizo kwa kuacha mti mwembamba kama karatasi tumboni bila kuukwangua. Tena angezipata kwa bei nafuu, kwa sababu ngozi na gundi vina uzito, na kila gramu iliyo karibu na ncha ya upinde lazima irushwe mbele pamoja na mshale kila upote unapoachiwa. Ugumu wa kuvuta na kasi ya mshale ni mambo mawili. Upinde unaweza kumtoa mtu jasho zaidi huku mshale wake ukienda polepole zaidi, na ngozi nene iliyofika hadi nchani ni njia mojawapo ya kuutengeneza upinde wa aina hiyo.

Kuna jambo jingine ndani ya pingamizi hilo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kitu chochote kigumu kikibandikwa mgongoni husogeza ule mstari wa katikati, usiotanuka wala kubanwa, kuelekea mgongoni. Matokeo yake ni kwamba tumbo, ambalo tumeshaona ndilo dhaifu katika kijiti safi, hubebeshwa zaidi. Kwa ngozi nyembamba athari hii ni ndogo. Kwa ngozi nene ya ng'ombe, au kwa tabaka mbili za ngozi zilizowekwa na mtu mwenye hofu, inaanza kuonekana: upinde hauvunjiki, lakini tumbo hujaa makunyanzi na upinde hujikunja moja kwa moja. Mwenye upinde hulaumu mti. Mti haukuwa na kosa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka upande wa pili: kama mgongo wa mti una akiba, na kama pinde bora za historia hazikuwa na ngozi, kwa nini tujisumbue? Meli ya kivita ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, na gofu lake likainuliwa mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130 za mti wa yu, mti mtupu bila kitu mgongoni, na makadirio ya nguvu ya kuzivuta ni kati ya ratili 100 na 185. Hapa kwetu, Wawaata wa maeneo ya Tsavo na nyuma ya pwani ya Kenya waliwinda tembo kwa pinde ndefu za mti mtupu zilizohitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa, wakitumia mishale yenye sumu ya mti wa msunguti. Hakuna aliyeziona pinde hizo akazidharau. Hoja hii ni ya kweli, nami naikubali yote isipokuwa hitimisho lake. Pinde za Mary Rose zilitokana na uchaguzi mkali wa vijiti ambao ni dola tu ingeweza kuugharimia. Uingereza haikutosheka na miti yake. Sheria ya mwaka 1472 ilizitaka meli za biashara kuleta vijiti vinne vya pinde kwa kila tani ya mizigo. Zaidi ya hayo, mti wa yu una tabaka la nje, jeupe, linalotanuka vizuri, na mafundi waliliacha liwe mgongo. Kwa maneno mengine, mti huo ulikuja na kinga yake tayari. Wawaata nao walikuwa mabingwa waliolelewa ndani ya kazi hiyo, wenye msitu na nyika nzima ya kuchagua. Kinachothibitishwa na pinde hizo ni kwamba mti mzuri katika mikono mizuri hauhitaji ngozi, na hilo ndilo hasa nililolisema mwanzoni. Hazisemi lolote juu ya kijiti chenye fundo kilichoko mbele ya fundi leo.

Kwa fundi wa nchi za joto swali hilo lina uzito wa pekee. Vitabu vya Ulaya na Amerika humfundisha mtu kufuata pete moja ya ukuaji wa mti kutoka ncha hadi ncha, asiikate popote, na mgongo utakuwa salama. Ni ushauri mzuri pale ambapo majira ya baridi huichora pete hiyo waziwazi. Miti mingi ya tropiki haina pete za mwaka zinazosomeka kwa jicho, au ina pete zinazopotea katikati ya njia. Fundi hubaki na uso mmoja tu wa kuaminika, ule ulio chini ya gome, na inambidi aubakishe mzima bila hata mkwaruzo. Akikosea mara moja kwa kisu, hana pete nyingine ya kushukia. Naamini hii ni mojawapo ya sababu za kuipa ngozi nafasi katika mazingira yetu kuliko katika vitabu tulivyoviazima: hapa kosa dogo la uso haliponyeki kwa kukwangua zaidi.

Hata hivyo lazima tuwe waangalifu tunapozitazama pinde za Kiafrika na kudai kwamba zinathibitisha hili au lile. Pinde nyingi za Afrika Mashariki na Kusini zinaonyesha ngozi au kano zikiwa zimezungushwa kama pete sehemu chache, si kubandikwa mgongo mzima. Wawindaji Wasan wa Kalahari hufunga kano kuuzunguka upinde wao mwepesi mahali mahali. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi wana pinde zilizovishwa vipande vya ngozi yenye manyoya. Baadhi ya pete hizo ni pambo, au alama ya mnyama aliyeuawa, na si haki kuzigeuza zote kuwa uhandisi. Lakini pete iliyovikwa mbichi na kuachwa ikauke huubana mti kwa nguvu, na ikiwa imewekwa juu ya fundo au mwanzo wa ufa, inafanya kazi ileile niliyoieleza: inakizuia kibanzi kisiinuke. Inafanya hivyo bila gundi na kwa uzito mdogo sana kuliko utepe wa kufunika mgongo mzima. Ningemshauri mtu mwenye upinde mzuri wenye kasoro moja tu aanze na pete kabla hajafikiria kubandika ngozi kutoka mshiko hadi nchani. Ni suluhisho la akiba, lenye heshima ya muda mrefu, na linaweza kuondolewa likishindwa.

Wapo watakaouliza kwa nini tung'ang'anie ngozi wakati kuna kitani, hariri, mianzi, na hapa kwetu katani. Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linailazimisha ngozi ijitetee kwa sifa zake yenyewe. Nyuzi za mimea zikilazwa sambamba hazitanuki kirahisi, na zinaubeba mvuto wa urefu kuliko ngozi kwa uzito uleule. Utepe wa mwanzi uliochongwa vizuri unaweza kuwa mgongo kamili na kuubeba mzigo wote. Mwenye kutaka nguvu aende huko. Lakini nyuzi sambamba za katani hazina kitu kinachokatiza. Zikilala kwa urefu wa mti, zinashiriki udhaifu wa mti, yaani kupasuka kwa urefu. Ngozi imesukwa pande zote. Kule kusukwa kunakoifanya isifae kuchukua nafasi ya kano ndiko kunakoifanya ikishike kibanzi kutoka kushoto na kulia kwa wakati mmoja, mahali ambapo mti wenyewe ni dhaifu kuliko popote, kwa sababu nyuzi zake hazivuki upande. Kitambaa kilichofumwa hukaribia sifa hiyo, na ni mbadala wa kweli. Kinachobaki kwa upande wa ngozi ni ugumu wake dhidi ya mikwaruzo: upinde unaoburutwa vichakani, kuegemezwa kwenye miamba na kubebwa pamoja na podo hupata majeraha mgongoni, na jeraha la leo ndilo kibanzi cha kesho.

Udhaifu mkubwa wa ngozi ni maji, na hapa siwezi kuitetea sana. Kila aliyewahi kusikia ngoma ikilegea sauti siku ya mvua, hadi wapigaji wakaipasha motoni, anaijua tabia hiyo. Ngozi iliyowambwa kwenye ngoma na ile iliyogundishwa kwenye upinde ni kitu kimoja. Hunywa unyevu wa hewa, hulainika, huwa nzito. Gundi ya asili ya ngozi, ambayo ni kolajeni iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, hulainika pamoja nayo. Katika nyanda kavu za Dodoma au Turkana hili si tatizo kubwa. Mombasa, Unguja au Tanga ni tatizo la kila msimu. Mafuta na nta huchelewesha unyevu bila kuuzuia kabisa, na rangi ya vanishi juu ya ngozi husaidia zaidi. Fundi wa pwani anayetumia gundi ya mbao ya kisasa isiyoogopa maji hajaisaliti sanaa. Amekubali hali ya hewa ya mahali anapoishi.

Mtu akiielewa kazi ya ngozi, karibu kila uamuzi wa utengenezaji hujipanga wenyewe. Ngozi inayofaa ni mbichi, iliyosafishwa manyoya na mabaki ya nyama kisha ikakaushwa, isiyotiwa dawa za kulainisha. Ngozi iliyolainishwa kwa ajili ya viatu na mikoba hutanuka ovyo, nayo haiwezi kukizuia kibanzi kwa sababu humfuata kila anayeivuta. Manyoya hutolewa kwa kuloweka ngozi kwenye maji ya jivu au chokaa, kisha kukwangua. Baada ya hapo huoshwa sana ili chokaa isibaki, huwambwa kwenye fremu na kukaushwa kivulini. Kwa kuwa kazi yake ni kuzuia na si kubeba, inatakiwa iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, na iwe nyembamba zaidi kuelekea ncha, ambako uzito hugharimu zaidi. Huwekwa upinde ukiwa umekaribia kukamilika, wakati mikono yote miwili imeshaanza kupinda sawasawa, kwa sababu kuanzia hapo masahihisho yote yatafanywa tumboni. Anayekwangua mgongo baada ya kubandika ngozi anakiharibu kile alichokilinda. Mti uwe mkavu kweli, usio na mafuta, na uso wake ukwaruzwe kidogo ili gundi ishike. Ngozi hulowekwa hadi ilainike, ikakamuliwa, ikalazwa upande wa nyama chini, ikasukumwa kutoka mshikoni kuelekea nchani ili hewa na gundi iliyozidi vitoke. Gundi ya ngozi ipashwe moto wa takriban nyuzi 60 za Selsiasi na isichemke, kwani ikichemka hupoteza nguvu.

Baada ya hapo kinachohitajika ni subira, na watu wengi huharibu kazi katika hatua hii. Ngozi mbichi na gundi vimepeleka maji ndani ya mti. Mti wenye maji hupinda kirahisi na hukubali kujikunja. Ukiuvuta sasa, utajikunja moja kwa moja tumboni. Upinde uachwe wiki kadhaa mahali penye hewa, mbali na jua kali na jiko. Sehemu yoyote ambayo ngozi haikushika ni kama haikufunikwa kabisa, kwa hiyo fundi hupitisha ukucha juu ya mgongo mzima akisikiliza mlio wa uwazi chini yake. Mahali penye mlio huo hufunguliwa kwa ncha ya kisu na kutiwa gundi upya. Na kuna kasoro ambazo ngozi haiziponyi: ufa uliokwisha kuingia ndani, fundo lililooza, nyuzi zinazokatiza mti kwa pembe kubwa. Kuzifunika hizo ni hatari kuliko kuziacha wazi, kwa sababu mwenye upinde hatauona ufa ukikua.

Limebaki swali la mnyama. Ngozi ya nyoka hupendwa kwa uzuri wake, nao ni uzuri wa kweli, lakini ni nyembamba mno kwa kazi ya kushikilia fundo. Inafunika na kuzuia unyevu, basi. Ngozi ya chui au ya chatu ina kizuizi kikubwa kuliko cha ufundi. Chui yumo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, na chatu wa Afrika yumo kwenye Kiambatisho cha II, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Kumuua mnyama wa porini kwa ajili ya utepe wa ngozi ambao mbuzi angeutoa vizuri zaidi ni uovu usio na hata kisingizio cha manufaa. Ngozi ya mbuzi ina unene unaokaribia kabisa ule unaotakiwa, imesukwa vizuri, na inapatikana kwa bei ndogo kila palipo na machinjio. Mbuzi mmoja hutosha pinde kadhaa. Utepe ukatwe kwa kufuata uti wa mgongo wa mnyama, ambako ngozi ina unene ulio sawa zaidi, na si tumboni, ambako ni nyembamba na hutanuka. Kama ngozi haifiki urefu wa upinde mzima, tepe mbili zikutane mshikoni, mahali pasipopinda, ambako kiungo hakitavutwa hata kidogo.